Umepangiwa Darasa la Nne: Nidhamu na Wazazi kwa Mwalimu Mpya

Umeripoti halmashauri, umepewa barua ya kituo, umepanda basi kisha bodaboda, na mwalimu mkuu amekukabidhi Darasa la Nne lenye watoto tisini na madawati yasiyotosha. Chuoni ulifundishwa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Mazoezi ya kufundisha pia ulifanya, lakini wakati ule mwenye darasa alikuwa amekaa nyuma na watoto walikuwa wakimtazama yeye, si wewe. Leo hayupo. Ndiyo maana darasa la kwanza unaloshika peke yako huwa na kelele kuliko ulivyotarajia, na hilo halina maana kwamba kazi imekushinda.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yako, hasa kama uko shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara. Wa sekondari atayatumia kwa kubadilisha majina machache: mwalimu mkuu kwake ni mkuu wa shule, kamati ya shule ni bodi. Wa Zanzibar au Kenya ana sheria zake, ila mambo ya darasani hayatofautiani sana. Nitakalosisitiza ni hili: darasa hushikwa kwa utaratibu uliowekwa mapema, na mzazi husikiliza zaidi akiwa amekufahamu kabla mtoto hajakosea.

Naruhusiwa kuchapa?

Walimu wapya huulizana swali hili kwa sauti ya chini, kwa hiyo tulimalize kwanza. Jibu ni hapana, isipokuwa umepewa ruhusa kwa maandishi, na hata hapo mipaka ni myembamba. Kanuni za Elimu kuhusu adhabu ya viboko, Tangazo la Serikali Namba 294 la mwaka 2002, zinampa mamlaka hayo mwalimu mkuu. Anaweza kumkasimu mwalimu kwa maandishi, lakini mwalimu huyo naye lazima apate idhini yake kila mara. Viboko visizidi vinne. Viwe kwa kosa kubwa la nidhamu, na umri, jinsia na afya ya mtoto vizingatiwe. Msichana huchapwa na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina hata mmoja. Na kila adhabu huandikwa kitabuni: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Sasa itazame ile fimbo inayozunguka na mwalimu wa zamu asubuhi, inayomgusa aliyechelewa, aliyekosa hesabu na aliyecheka mstarini. Utaambiwa ni mazoea ya shule. Mazoea hayatakusaidia siku mtoto atakapovunjika kidole. Mwajiriwa mpya yuko kwenye kipindi cha majaribio kwa mwaka mmoja kabla ya kuthibitishwa kazini, na shauri la nidhamu wakati huo si jambo la mchezo. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu vijana waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha jijini Mbeya wakimpiga mwanafunzi wa sekondari ndani ya ofisi. Walifukuzwa masomo kabla hawajapata ajira. Ipo pia Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha. Kuruka kichura juani, kupigishwa magoti kwenye kokoto, kuitwa mbumbumbu mbele ya wenzake: yote hayo yafikirie kwa jicho la sheria hiyo.

Ushauri wangu ni kuiacha fimbo kabisa, na sababu si sheria peke yake. Kipindi cha Darasa la Nne ni dakika 40. Ukiita watatu mbele, ukawahoji, ukawachapa, wengine themanini na saba wameshaacha kazi wanatazama sinema. Wapo wanaosema bila fimbo mtoto wa Kiafrika hasomi. Wilayani Luwero, Uganda, shule 42 za msingi zilishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu mpango wa shirika la Raising Voices uitwao Good School Toolkit, unaowafundisha walimu na wanafunzi kujenga nidhamu bila kipigo. Mwishoni, katika shule zilizoufuata, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule ndani ya wiki moja walikuwa asilimia 31. Katika zile ambazo hazikuwa zimeuanza walikuwa asilimia 49. Fimbo haikuisha, lakini ilipungua sana, na matokeo ya masomo hayakuporomoka.

Wiki mbili za kwanza

Nianze na nini, basi? Anza na majina. Nunua daftari la kaunta, lile gumu lisilofika shilingi elfu tano, na ukurasa wa kwanza chora darasa lilivyo: kila dawati mstatili, ndani yake majina ya wanaokaa. Waambie watoto kwamba kwa wiki mbili hakuna kuhama. Daftari liwe wazi mezani, na unapotaka jibu usiseme "wewe mwenye sweta," sema "Rehema." Mtoto anayejua kwamba unamjua kwa jina hawezi tena kujificha ndani ya kundi la tisini. Mchoro huo utakusaidia pia kuona dawati lenye mtu pungufu bila kupoteza muda kuita majina yote, ingawa rejista ya mahudhurio bado utaijaza kila siku.

Kanuni za darasa zisizidi nne au tano. Watoto wa Darasa la Nne wanaweza kuzitunga wenyewe ukiwauliza: "Darasa letu tunataka liweje?" Watataja ishirini, na nusu yake zitakuwa za adhabu, kwa sababu ndicho walichozoea kusikia. Chagueni pamoja chache na mziandike kwa namna inayosema la kufanya: anayezungumza ni mmoja; kengele ikilia tunaingia; kitu cha mwenzangu nakiomba. Karatasi ya manila ni bei ya maandazi machache. Ibandike ukutani, kisha izoesheni. Kanuni ambayo watoto hawakuifanyia mazoezi hubaki kuwa pambo la ukuta.

Mazoezi yenyewe ni kama haya. Chagua ishara ya kunyamaza. Wengi hutumia makofi: mwalimu anapiga mapigo matatu, darasa linajibu kwa mawili, mikono inawekwa juu ya dawati, kimya. Siku ya kwanza ifanyeni mara kadhaa kama mchezo, waache wapige kelele makusudi, kisha toa ishara. Baada ya hapo shika sharti moja gumu: usianze kuzungumza hadi kimya kipatikane. Walimu wapya wengi hushindwa hapa. Wanaanza maelezo wakati robo ya darasa bado inaongea, wanapandisha sauti, watoto nao wanapandisha, na kufika Machi mwalimu hana koo. Subiri. Sekunde ishirini za kusimama kimya ukiwatazama ni ndefu kwako, na kwao pia.

Kelele nyingi hazitoki kwenye somo. Zinatoka kwenye mapengo: kuingia, kugawa madaftari, kukusanya, kusubiri mwalimu amalize kuandika ubaoni. Ziba mapengo hayo. Wanapotoka mapumziko wakute hesabu tatu ubaoni, fupi, za jana, wazianze wakikaa. Kwa madaftari, kila mstari wa madawati uwe na kiongozi mmoja. Kila mtoto anafungua ukurasa wa kazi ya leo, analiacha daftari likiwa wazi na kumpa aliye mbele yake. Yule analaza la kwake juu, anasogeza mbele, hadi kwa kiongozi, ambaye huleta rundo mezani likiwa bado wazi. Madaftari tisini yanafika bila mtoto mwingine kunyanyuka, na jioni wakati wa kusahihisha hutapoteza muda kupekua kurasa. Kurudisha ni njia hiyo hiyo kwa kinyume. Mara ya kwanza itakuwa vurugu. Rudieni hadi ikae.

Na monita je? Shule nyingi zina desturi ya monita kuandika majina ya wapiga kelele mwalimu akitoka. Mtu yeyote aliyesoma shule za kwetu anajua orodha ile inavyotengenezwa: aliyempa monita karanga hayumo, aliyegombana naye jana ameandikwa mara mbili. Ifute. Mpe monita kazi ya kugawa vitabu, kufuta ubao na kuongoza kundi, na zibadilishe zamu hizo kila baada ya wiki mbili ili hata yule mkorofi azipate. Mkorofi akipewa funguo za kabati la vitabu hubadilika haraka kuliko unavyodhani.

Mwisho wa hili, miguu yako. Acheni njia katikati ya madawati, hata kama ni ya kupita kwa ubavu, ili usikwame mbele ya ubao. Darasa linaloharibika huanza kuharibikia nyuma.

Mtoto mmoja anaposumbua

Fikiria Juma anamvuta mwenzake sweta wakati unaeleza sehemu za mmea. Mtazame. Asipoacha, endelea kufundisha huku ukisogea hadi ukasimame kando yake. Mara nyingi inatosha. Ikishindikana, mtaje ndani ya sentensi ya somo: "Mizizi, Juma, inafanya kazi gani?" Sauti iwe ya kawaida, na asipojua usimcheke, mpe mwingine kisha umrudie. Akiendelea, mhamishe kiti bila hotuba. Mazungumzo yenyewe yawe baada ya kipindi, mkiwa wawili, mahali mnapoonekana na watu, na swali la kwanza liwe "Kuna nini?" Mbele ya wenzake Juma ana heshima ya kulinda na atakujibu kijeuri. Pembeni atakuwa mtoto wa miaka kumi.

Sifa nazo zitumie, lakini ziwe na maana. "Safi sana" inayotolewa kila dakika haina uzito. "Dawati la Asha mmemaliza na mmepanga vitabu bila kuambiwa" inawaambia na wengine la kufanya.

Tabia inayojirudia ina chanzo, na kazi yako ni kukitafuta kabla hujaiita ukorofi. Anayesinzia saa tano huenda aliamka alfajiri kuchota maji na hajala tangu jana. Anayechungulia daftari la jirani kila mara huenda haoni ubao. Mhamishie mbele kwa wiki moja uone. Asiyeitika akiitwa huenda sikio lina tatizo. Na kama umetoka Kilimanjaro ukapangiwa Simiyu, kumbuka kwamba watoto wengi wa vijijini hukua wakisikia Kisukuma, Kigogo au Kimaasai nyumbani, na Kiswahili wanakutana nacho shuleni. Mtoto anayekutazama tu unapomwagiza huenda hajaelewa. Muombe mwenzake amweleze, kisha mpe tena nafasi.

Kuhusu penseli zinazopotea: usipekue mabegi hadharani, na usitishie kuleta mganga, ingawa bado utasikia walimu wanaofanya hivyo. Sema kwamba penseli itakutwa mezani kwako baada ya mapumziko na hutauliza nani kaiweka. Mara nyingi utaikuta.

Lipo jambo ambalo si la kulimaliza darasani. Mtoto akikuambia anapigwa vibaya nyumbani, anashikwashikwa na mtu mzima, au anaandaliwa kuozeshwa, msikilize bila kumhoji kama polisi. Usimwahidi kwamba itakuwa siri. Mwambie utawaambia watu wanaoweza kumsaidia. Andika siku hiyo hiyo alichosema, kwa maneno yake. Mjulishe mwalimu mkuu na mwalimu wa unasihi, yaani aliyepewa kazi ya kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi. Kutoka hapo suala linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kuna pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure. Kama anayetuhumiwa ni mtu wa shuleni mwenu, usipitishe taarifa mikononi mwake. Nenda dawati la polisi au piga 116 moja kwa moja.

Mzazi kabla ya kesi

Nampataje mzazi? Kwanza jua ni nani. Kwenye daftari lako ongeza safu tatu: mtoto anaishi na nani, namba ya simu, na kitongoji au mtaa. Usidhani kila mtoto ana baba na mama nyumbani. Wengi wanalelewa na bibi, shangazi au kaka, na namba utakayopewa huenda ni ya jirani mwenye simu. Kwa kuwa ni ya jirani, usimwachie ujumbe wa mambo ya ndani ya mtoto. Acha ombi la kupigiwa tu.

Kisha jitambulishe. Ukihamia mahali pageni, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji ndio watakaokufungulia milango, na dakika kumi kwao zinalipa. Kwenye gulio, msikitini, kanisani au dukani utakutana na wazazi. Salimia wewe kwanza. Vijijini mama mwenye umri wa mama yako anaweza kukuamkia kwa sababu tu wewe ni mwalimu. Muwahi kwa shikamoo. Atalisimulia hilo nyumbani.

Mawasiliano ya kwanza yasiwe malalamiko. Ndani ya mwezi wa kwanza tuma ujumbe mfupi wa habari njema kwa wazazi wachache kila wiki: "Habari za leo mama Zawadi. Mimi ni mwalimu wake wa darasa. Leo amesoma hadithi nzima mbele ya wenzake. Nimeona nikujulishe." Kifurushi cha meseji ndiyo gharama yenyewe. Anza na wazazi wa wale unaohisi watakusumbua, maana hao hawajawahi kupata ujumbe wa namna hiyo kutoka shule yoyote.

Tatizo likija, simu yako iende hivi:

"Shikamoo mama. Naongea na mama Zawadi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Ni mwalimu wake wa darasa. Usiwe na wasiwasi, Zawadi ni mzima na yuko darasani."

Sentensi hiyo itangulie mengine yote, kwa sababu mzazi anayepigiwa na mwalimu saa nne asubuhi tayari moyo unamwenda mbio. Kisha sema ulichokiona, si hukumu yako: "Wiki hii hajaleta kazi ya nyumbani siku tatu, na jana aligombana na mwenzake." Usiseme "mtoto wako ni mkorofi." Uliza: "Nyumbani mnamwonaje?" Halafu nyamaza. Hapo ndipo utakaposikia kwamba baba amesafiri, au mdogo wake anaumwa na Zawadi ndiye anayembeba usiku. Kubalianeni jambo moja dogo na siku ya kupigiana tena. Kabla ya kukata, sema wazi: "Naomba usimchape kwa hili, nataka tumsaidie." Usipolitamka, katika nyumba nyingi simu ya mwalimu maana yake ni bakora jioni, na kesho mtoto atakuona adui.

Mzazi akija amefura je? Atakuja, mwaka huu au ujao. Mara nyingi anasimama mlangoni darasa likiwa limejaa na kuanza kwa sauti. Usijibizane naye hapo. "Karibu mama, twende ofisini tukae, nikusikilize vizuri." Mwachie monita darasa kazi ikiwa ubaoni, na mpeleke kwa mwalimu mkuu au kwa mwenzako, usibaki naye peke yako. Mpe kiti na maji. Mwache amalize, hata akirudia. Kama kuna kosa upande wa shule, liseme kama lilivyo. Kama taarifa aliyopata nyumbani ni nusu, onyesha daftari lako la kumbukumbu lenye tarehe. Mkikubaliana jambo, liandikeni. Na mtoto mwenyewe siku hiyo asiguswe kwa maneno wala kwa macho.

Kutembelea nyumbani kunafungua mengi, ila kuna utaratibu: mwalimu mkuu ajue, mwende wawili, mchana, na mzazi awe na taarifa. Ukikaribishwa chai kunywa. Ukifungiwa kuku uondoke naye, shukuru na ueleze kwa upole kwamba kazi hairuhusu. Siku mtihani wa mtoto yule utakapokuwa mbaya, hutataka kuku huyo awe kati yenu.

Vikao, michango na kundi la WhatsApp

Kikao cha wazazi hufeli kwa sababu ya saa kuliko kwa sababu ya ajenda. Usikiweke siku ya mnada, wala asubuhi ya msimu wa kupanda. Waulize akina mama wawili watatu kabla ya kupanga. Anza kwa kuonyesha kazi za watoto, kila mzazi alione daftari la mwanawe kabla ya hotuba yoyote, na alama za mtoto mmoja zisisomwe mbele ya wote. Mzazi asiyejua kusoma mkalishe pembeni umweleze. Shule nyingi sasa zina umoja au ushirikiano wa wazazi na walimu wenye wawakilishi wa kila darasa. Wajue wa darasa lako kwa majina, maana ndio watakaokuitia wenzao.

Suala la fedha ndilo linaloharibu vikao vingi. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi kuanzia Januari 2016. Mzazi amebaki na sare, madaftari, kalamu na mahitaji ya mtoto wake. Michango kama ya chakula inatakiwa iwe imekubaliwa na wazazi wenyewe kupitia vikao na kamati yao. Januari 2018 Rais John Magufuli alikemea michango mashuleni na kutaka walimu wasijihusishe na kuikusanya. Kwa mwalimu wa darasa hilo ni faraja, kwa kweli. Usipokee fedha taslimu mkononi, hata za nia njema. Mwelekeze mzazi kwa kamati na adai risiti. Na usimtoe mtoto darasani wala usimnyime mtihani kwa sababu mzazi wake hajachangia unga. Deni hilo si lake.

Kundi la WhatsApp la wazazi lina faida ukiliwekea mipaka siku ya kwanza: taarifa za darasa tu, hakuna picha ya mtoto anayeadhibiwa, hakuna orodha ya alama, na kesi ya mtoto mmoja inahamia simu ya faragha. Taja saa ambazo hujibu, la sivyo utaulizwa kazi ya nyumbani saa nne usiku. Kumbuka pia wazazi wasio na simu janja, ambao kwa shule za vijijini huenda ndio wengi. Kwao tumia ukurasa wa mwisho wa daftari la mtoto kuandikiana, au mtume mwakilishi wa kitongoji.

Utoro usiusubiri ukomae. Mtoto akikosekana siku mbili tatu bila taarifa, uliza jirani yake, kisha mzazi. Ikiwa ni msimu wa mavuno au kuchunga, zungumza kabla ya kutisha. Ikishindikana, taarifa inakwenda kwa mwalimu mkuu, naye kwa mtendaji, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamwajibisha mzazi kuhakikisha mtoto aliyeandikishwa anahudhuria. Wewe huna mamlaka ya kumfukuza mwanafunzi. Na aliyeacha shule, akiwemo msichana aliyejifungua, tangu Novemba 2021 ameruhusiwa kurudi. Mzazi wake huenda hajui, na wewe ndiye wa kumwambia.

Nikikwama niende kwa nani?

Karibu zaidi ni mlango wa pili. Muombe mwalimu mzoefu, yule ambaye darasa lake lina utulivu na fimbo hana, uketi nyuma kipindi kimoja. Tazama anachofanya dakika tano za kwanza. Ni bure, na wengi hufurahi kuombwa. Shule nyingi za serikali pia zina vikao vya MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao kujadili ugumu wa kufundisha. Peleka swali lako huko likiwa wazi: si "watoto hawana adabu," bali "kila baada ya mapumziko napoteza robo saa kabla hawajatulia." Swali la namna hiyo linapata majibu.

Ngazi inayofuata ni Afisa Elimu Kata. Kwa mambo ya ajira, uthibitisho na nidhamu yako wewe mwenyewe kuna ofisi ya Tume ya Utumishi wa Walimu wilayani, na Chama cha Walimu kama wewe ni mwanachama. Usisubiri ufike kwa barua ya kujieleza ndipo ujue ofisi zilipo.

Lile daftari la kaunta endelea kulijaza: tarehe, mtoto, kilichotokea, ulichofanya, mzazi alisema nini. Mistari miwili inatosha. Novemba, kabla watoto hawajapanda darasa, kaa na mwalimu atakayewapokea, umpe nakala ya mchoro wa viti na orodha ya walezi, na umwambie nani haoni ubao, nani analelewa na bibi, na nani ukimpa funguo za kabati anatulia. Mambo ya siri aliyokuambia mtoto yaache kwenye faili la unasihi kwa mwalimu mkuu.